Vikombe 31

Jumapili moja jioni nilirudi kutoka kwenye kikao cha harusi nikiwa na kiu, nikaingia jikoni kuchukua kikombe, sikukipata. Vyote vilikuwa vimelala kwenye sinki. Nikavitoa kimoja kimoja nikivipanga sakafuni kama ninavyopanga mzigo kazini, nikafika 31. Hapo sijagusa sahani.

Nyumbani kwetu Pasua, hapa Moshi, tuko wanane: mimi na baba Irene, watoto wanne, mama mkwe aliyeteremka kutoka Kibosho kwa ajili ya matibabu ya mguu na kubaki, na Anna, mtoto wa dada yangu. Siku ile hakukuwa na mgeni. Kila mtu alikuwa ametumia vikombe vinne hivi toka asubuhi, na vingi havikuwa na chai wala uji, ni maji matupu. Mtoto anakunywa, anaweka, baada ya nusu saa anachukua kingine kwa sababu hakumbuki kipi kilikuwa chake.

Mimi ni mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kazini mfuko mmoja wa saruji usipoonekana sipati usingizi. Nyumbani nako nilijiona mbanaji hodari. Sabuni ya mche naikata kwa uzi vipande vinne, ya unga naificha kabati la chumbani, na vile vipande vinavyobaki vyembamba kama kucha navikusanya kwenye soksi kuukuu nafunga fundo, tunafulia hivyo hivyo. Na bado mwezi ule bili ya maji ilikuja yuniti 27.

Yuniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Nilipiga hesabu nyuma ya bili yenyewe: ndoo 1,350 kwa mwezi. Nikadhani nimekosea sifuri. Baba Irene akasema bomba limepasuka chini ya ardhi. Usiku tukafunga koki zote, tukaandika namba za mita, asubuhi tukasoma tena kabla mtu hajanawa uso. Haikuwa imesogea hata tarakimu. Maji yalikuwa yanapita mikononi mwetu wenyewe, mchana kweupe.

Basi nikachukua kaunta buku, nikafanya nyumbani kile ninachofanya stoo. Nilianza na vyombo. Anna alikuwa anaosha chini ya bomba linalotiririka, na tabia hiyo nilimfundisha mimi, maana niliamini maji yanayotembea ndiyo yanayosafisha. Nikachomoa lile bomba la kutolea maji chini ya sinki nikatega ndoo. Vyombo vya mlo mmoja wa mchana vilijaza ndoo sita, na sufuria ya ugali ilikuwa bado. Jumamosi nikahesabu za kufulia: ndoo 22. Nguo zilifuliwa mara moja na kusuuzwa mara nne, na hata maji ya mwisho bado yalikuwa na povu.

Nikiwa nimeinama naandika, Anna akaniletea ndoo nyingine, ndipo nikaona vidole vyake. Vilikuwa vimechubuka kwenye viungo, na kimoja amekifunga kitambaa. Binti wa miaka 19, anasoma kozi ya ushonaji, anatakiwa ashike sindano, na mimi nimemwachia nguo za watu wanane. Nilishajua idadi ya vipande vya sabuni kabatini, lakini mikono ya Anna sikuwahi kuihesabu popote.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Si mtu wa maneno mengi.

"Mama Irene," akasema, "unabana sabuni, unamwaga mtoto wa watu."

Nilikaa kimya. Ningejibu nini?

Kesho yake jioni nikamwomba anionyeshe wao walivyokuwa wakifanya. Mama alikulia kwenye kihamba, shamba la ukoo la Wachaga, ambako maji yalitoka kwenye mifongo, ile mifereji ya kienyeji iliyochimbwa na wazee kuteremsha maji kutoka juu mlimani. Yalitekwa alfajiri, kabla mifugo haijaamka na kabla watu hawajayachezea, kisha yakabebwa kichwani. Mtu aliyelelewa hivyo hamwagi maji ovyo, hata ukimpa bomba la ndani.

Aliomba mabeseni matatu. Kwanza alichukua zile sahani zenye mafuta ya nyama akazifuta kwa konzi ya pumba za mahindi. Pumba zikanywa mafuta yote, akazitupia kuku. Mimi miaka yote nilikuwa nayafukuza mafuta hayo kwa sabuni na maji ya moto. Beseni la kwanza akatia maji kidogo yasiyo na sabuni, la kuondolea mabaki. La pili akatia maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji. Hapo nikamwona amechukua kifuniko cha chupa ya soda, akamimina vifuniko viwili tu. Nikamwambia, mama, hiyo haitoshi, vyombo vyote hivi? Akanitazama. "Povu si usafi. Povu ni kazi ya kusuuza."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye ndoo zangu 22. Tulikuwa tunatia sabuni nyingi, kisha tunatumia maji mengi kuitoa ile ile tuliyoinunua. Sabuni ikizidi, maji nayo yanazidi, na mikono inaliwa. Ubanaji wangu wote wa kukata mche kwa uzi ulikuwa unamalizikia kwenye ile ya unga, kwa sababu aliyekuwa anaipima ni mkono wa mtoto mwenye haraka.

Aliosha glasi kwanza, vikombe, vijiko, sahani, halafu sufuria mwishoni, maji yale yale. Beseni la tatu la kusuuzia. Alipomaliza nilipima: lita 30 na kidogo, wakati Anna alikuwa anatumia 120 na zaidi. Maji ya beseni la tatu yakaingia kazini mlo uliofuata kama beseni la kwanza.

Sufuria ya ugali aliitia maji baridi mara tu ugali ulipopakuliwa, kabla hatujakaa kula. Tulipomaliza, ukoko ulikuwa umejibandua wenyewe, ukatoka kama karatasi. Mimi nilizoea kuiacha ikauke, halafu natia maji ya moto, inakuwa gundi, halafu namkabidhi Anna stilwaya. Nadhani nusu ya vile vidonda ilikuwa ni ukoko wangu. Na maji ya uvuguvugu hatuyawashii gesi. Ukiepua chakula kwenye jiko la mkaa, makaa bado yana nguvu, unabandika sufuria ya maji na kuifunika, mkimaliza kula iko tayari.

Vikombe nilivishughulikia mwenyewe. Nilinunua rangi za kucha za bei chee pale Mbuyuni, nikaweka nukta chini ya vikombe vinane: nyekundu ya Irene, bluu ya Brayan, na kuendelea. Vingine nikavifungia kwenye boksi juu ya kabati. Kikombe chako ni chako, ukikiacha popote utakikuta hapo hapo, na asubuhi hunywi chai mpaka ukioshe. Wiki ya kwanza kulikuwa na vilio. Brayan, aliyekuwa na miaka tisa, aliiba rangi akageuza nukta ya dada yake. Baba Irene ndiye aliyesumbua zaidi ya watoto, alikuwa anakunywa chai kwenye bakuli akidhani sioni. Baada ya mwezi mambo yakatulia, na huo ndio ukawa uokoaji mkubwa kuliko yote humu ndani. Haukuhitaji sabuni hata tone.

Kichanja alikijenga fundi jirani kwa mabaki ya mbao, nyuma ya jiko mahali jua linapopiga. Vyombo vinakauka vyenyewe, juu sana kuku hawafiki. Faida yake niliiona kwenye kamba ya nguo: yale mataulo ya kufutia vyombo, matano au sita kila wiki, yenye harufu isiyoisha, yakatoweka.

Kwenye nguo safari ilikuwa ndefu zaidi, na kuna ujinga nilioufanya ambao bado unaniuma.

Irene alikuwa amenunuliwa sweta jekundu pale soko la Memorial, mtumba mzuri kabisa. Likatumbukizwa pamoja na mashati manne meupe ya shule. Jioni mashati yakatoka na rangi ya ufizi. Mtu mwenye akili angeyarudisha hapo hapo kwenye maji safi yenye sabuni, maana rangi iliyochuja ikiwa bado mbichi mara nyingi inatoka. Mimi nikachukua jiki, nikamimina bila kupima, nikayaacha mpaka asubuhi. Kweli wekundu uliondoka. Ukaja unjano. Mashati mengi ya shule ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, na nyuzi hizo za kiwandani zikilala kwenye jiki kali zinaweza kugeuka manjano na zisirudi. Ya pamba tupu nayo yanadhoofika, unakuja kushika kola inabaki mkononi. Mashati manne, shilingi 10,000 kila moja siku zile. Hiyo ni sabuni ya miezi.

Na jiki ina ubaya mwingine. Wakati mwanangu Gift yuko mdogo niliwahi kuloweka nepi za kitambaa zikiwa na mkojo wake kwenye ndoo ya jiki, nikainama, ikanikaba koo mpaka machozi. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenieleza: mkojo una amonia, ikikutana na jiki inatoka hewa ya sumu. Vivyo hivyo ukiichanganya na ndimu au siki. Siku hizi jiki yangu inakaa peke yake, kwa ajili ya choo na mashuka meupe ya pamba, na inapimwa kwa kifuniko.

Tulipoanza upya tulipanga maji kwa ukoo. Ndoo zinaanza na nguo nyeupe. Maji ya kusuuzia nyeupe yanakuwa ya kufulia za rangi. Ya kusuuzia za rangi yanapokea matambara, soksi na ovaroli. Yakishakuwa meusi hayo, yanadeki veranda na mengine yanakaa pipani kwa ajili ya choo. Kuloweka ni nusu saa, si usiku kucha. Nguo iliyolala majini usiku mzima inaamka na harufu, unairudia, umepoteza. Soksi ya vipande vya sabuni bado ninayo, ila sasa inatumika kwenye kola na kwapa tu, palipo na uchafu hasa, badala ya kupaka shati zima. Kutoka ndoo 22 tulishuka mpaka 13, na wiki nyingine 12.

Madoa nayo nilikuja kujua kwamba kila moja lina tabia yake. Damu inataka maji baridi, ukiipa ya moto inaiva kama yai na kukaa humo. Kutu ya vifungo na mabati inalainishwa na ndimu na chumvi juani. Lakini utomvu wa ndizi hauna msamaha. Nyumba ya Mchaga haikosi mkungu: mtori leo, machalari kesho, na mtoto akitoka shule anajiegemeza kwa bibi yake anayemenya. Utomvu ukiwa mbichi hauonekani, ukikauka unakuwa kahawia nzito, na hapo nguo imekuwa ya jikoni milele. Mama hupaka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla ya kumenya, na ana kanga yake moja ya kazi hiyo iliyojaa madoa kama chui. Tulichoweza ni kuweka sheria ya sare: inavuliwa ukishavuka mlango, inatundikwa, halafu ndipo unakwenda kwa bibi. Sweta na sketi zikitundikwa penye upepo zinavaliwa siku tatu bila shida yoyote. Shati ndilo halina ujanja, vumbi la Pasua halitanii.

Ovaroli za baba Irene sitazisemea sana. Ni fundi magari, na mafundi wana imani yao kwamba grisi inatolewa na petroli. Siku moja alizikamua zile nguo mita mbili kutoka kwenye jiko la mkaa. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Sasa anazipaka sabuni ya maji ya vyombo zikiwa kavu, anazisugua kwa brashi, ndipo zinaingia majini, na anazifulia huko huko gereji. Zinabaki na rangi ya gereji. Nimekubali.

Na kila mwenye miaka minane kwenda juu anafua soksi na chupi zake mwenyewe, jioni, wakati wa kuoga. Watoto wa kiume pia. Kuna shangazi mmoja aliyesema nawaharibu wavulana. Alipoondoka, Brayan alikuwa anaanika soksi zake huku anapiga mluzi.

Kisha kuna habari ya mashine. Shemeji yangu mkubwa aliyeko Dar alitutumia mashine ya kufulia iliyotumika, ile ya matangi mawili, upande mmoja unafua, wa pili unakamua. Ilishuka kwenye basi imefungwa kama maharusi. Kwa wiki mbili tulikuwa mabwana wakubwa. Halafu nikaangalia kaunta buku: nguo chache inazunguka na maji mengi, kola inatoka ilivyoingia, na siku presha ya maji ikiwa ndogo unaijaza kwa ndoo, sasa umesaidiwa nini? Nilitaka kuiuza. Mama akaniambia subiri Julai.

Anayekaa Moshi anajua. Kuanzia Juni mlima unajifunika blanketi la mawingu, unaweza kukaa wiki hujaona kilele cha Kibo, na nguo inakaa kwenye kamba siku mbili ikiwa na ubaridi ule ule. Hapo ndipo nguo zinavunda na kurudiwa kufuliwa, na hakuna hasara ya maji kama kufua nguo iliyokwisha fuliwa. Tukaanza kufua kwa mikono na kutumia ule upande wa kukamulia tu, dakika tano. Shuka linatoka nusu kavu, na Anna hanyongi tena jinzi kwa viganja vyake. Upande wa kufulia siku hizi ndio kapu la nguo chafu. Kama kuna mtu ananunua mashine kwa ajili ya nyumba kama yetu, mimi ningetafuta hiyo ya kukamua peke yake.

Pasi ilinipa fundisho dogo. Watoto walikuwa wanapiga pasi kila asubuhi, kila mtu zamu yake, inapata moto inazimwa inapata moto tena. Sasa ni Jumapili jioni, za wiki nzima, kazi ya muda wa saa moja na robo hivi. Nguo ukiikung'uta vizuri kabla ya kuanika, na ukaikunja ikiwa na joto la jua, nusu ya kazi ya pasi imekwisha. Pasi yetu ni ya wati 1,000, kwa hiyo saa moja ni yuniti moja ya umeme wa luku. Tuliokoa labda yuniti mbili kwa wiki, hela ya maandazi. Siwezi kusema nimetajirika. Lakini asubuhi hakuna tena anayelia mlangoni ameshika shati lenye mikunjo.

Bili ilishuka ikawa 21, kisha 18, na kwa muda mrefu sasa inacheza kwenye 16. Mikono ya Anna ilipona, akamaliza kozi, na magauni mawili niliyonayo kayashona yeye.

Desemba tunapanda Kibosho, na huko kaunta buku yangu inafungwa. Watoto wa mama wanarudi kutoka Dar, Mwanza na Dodoma, tunafika 23 chini ya paa moja, tunapikia kuni. Masufuria makubwa mama anayapaka kwanza kwa nje tope la majivu na sabuni, ili masizi yashike tope yasishike bati, jioni unamwagia maji na yanateleza yote. Hilo linawezekana. Watu ndio hawawezekani. Mwaka juzi nilipeleka rangi zangu za kucha na vikombe 23. Shemeji mkubwa, yule wa mashine, alinicheka mbele ya watu wote, akasema likizo ni likizo. Asubuhi ya tarehe 26 aliamka akitaka chai, vikombe vimeisha, na mimi nilikuwa na mama ndani tunapiga soga bila haraka. Tulimwona dirishani akizunguka kichanja mara mbili, kisha akachuchumaa kwenye beseni na suruali yake ya sikukuu.

Juzi kanipigia simu kuuliza tunapanda lini. Mwishoni akashusha sauti, "Shemeji, mwaka huu nakuja na kikombe changu." Nimemwambia aongeze na sahani.